Mwaka Ambao Corinne Sirois Hakuokota Kiazi

"Mwaka huu sitaokota kiazi hata kimoja kutoka ardhini," Corinne Sirois alitangaza kwenye kipaza sauti cha kanisa. "Hata kikijitoa chenyewe kwenye udongo, kikapiga magoti, kikanisihi."

Kipaza sauti chenyewe kilikuwa cha bingo. Jumamosi ile ukumbi wa parokia ulijaa watu waliokuja kula maharage ya kuoka, kama wanavyokuja kila mwisho wa mwezi, na padri alimpa Corinne dakika moja ya kuaga. Kuaga na kushukuru, basi. Lakini kumpa Corinne kipaza sauti ni kama kumpa dubu ufunguo wa jiko. Dakika ilipokwisha ndiyo kwanza alikuwa anasafisha koo.

Kwetu Bondeni, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani, ambako ukirusha jiwe ng'ambo ya mto limeshaingia Kanada bila pasipoti, maneno yale yalikuwa karibu na tusi. Shule zetu hufungwa wiki tatu kila Septemba ili watoto waingie kwenye viazi. Hakuna anayekuuliza kama unapenda. Unaamshwa, unavalishwa, unapandishwa juu ya mashine ya kuvunia. Sasa binti wa Lucien Sirois, mwenye shamba, anasimama mbele ya watu na maharage yao mdomoni na kusema yeye mwaka huu hayumo!

Mjomba Lucien alikuwa kwenye foleni, sahani mkononi. Nasema mjomba kwa kuwa mama yangu ni dada yake. Yeye hakuhitaji kipaza sauti. Ni mtu aliyezoea kushindana na trekta.

"Vizuri sana, binti yangu! Sasa sikia na mimi. Umesema huokoti, usiokote. Lakini nikisikia umeokota hata kimoja huko kwa hao watu wa pwani, hata cha kutupia mbwa, nakuja kukuchukua siku hiyohiyo. Siwezi kupunguza mikono miwili kwenye mashine yangu ili ikaokotee watu baki!"

Ukumbi mzima ukapiga meza. Padri akasema amina, sijui kwa lipi. Na hivyo baba na binti wakawa wamefungwa, kila mmoja kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi wanaokula.

Nieleze Corinne ni nani, maana ukimwona tu utasema msichana mpole mwenye mabaka ya jua puani. Alizaliwa mwezi wa kumi, viazi vikiwa bado shambani, na baba yake alifika hospitali akiwa na udongo hadi kwenye nyusi. Nesi alimzuia mlangoni akidhani ni mtu aliyefukuliwa mahali. Tangu umri wa miaka kumi na miwili Corinne alisimama kila Septemba juu ya mashine, ukanda ukipita mbele yake na viazi, mawe na mabua, kazi yake kutoa mawe. Ni kazi ya kumfanya mtu aote mawe. Yeye akaitia chumvi. Alichukua rangi ya kucha ya mama yake, akachora nyuso kwenye mawe, akayaacha yapite. Dereva wa lori alipofungua nyuma alikuta sura ya padri inamtazama kutoka katikati ya viazi, na mtu huyo hakukosa misa mwaka mzima. Mwaka uliofuata Corinne aliitisha mgomo: bila redio hakuna kazi. Redio ikaletwa. Akagoma tena, safari hii kwa sababu ya nyimbo.

Ila chini ya utani wote ule kulikuwa na jambo moja aliloling'ang'ania. Mwalimu wake wa sayansi alikuwa amemwonyesha picha ya shule ya muhula huko pwani. Wanafunzi wa sekondari kutoka kila pembe ya nchi wanaacha shule zao kwa muhula mmoja tu, wanaishi hapo vibandani, wanapasua kuni, wanapika, wanasoma bahari kwa kuingia ndani yake. Kwenye picha kulikuwa na msichana amezama magotini kwenye tope maji yakiwa yamekupwa, ameshika mnyoo mrefu kama kamba ya kiatu, anacheka kama mtu aliyeokota pete.

"Nataka tope lile," Corinne alimwambia mama yake.

"Tope si hili hapa mlangoni?"

"Hili lina viazi, Mama."

Aliomba, akaandika, akahojiwa, akapewa ufadhili kamili. Miaka kumi na sita, mtoto wa Maine, na hajawahi kuiona bahari! Kwa hiyo mnielewe. Kwa baba yake ile ilikuwa mikono miwili kwenye mashine. Kwake yeye ilikuwa bahari yote.

Tulitoka alfajiri kwa pikapu, mjomba kwenye usukani, Corinne pembeni, mimi nyuma na mabegi pamoja na furushi la ploye, zile chapati zetu za unga mweusi, ambazo mama yake alizifunga kana kwamba tunakwenda vitani.

"Mtazame binamu yako hapo nyuma," mjomba alisema tulipofika barabara kuu. "Naye alikwenda mbali kusoma. Akarudi na nusu ya diploma. Nusu nyingine wameibakiza huko wanazuilia mlango usijifunge."

"Mjomba, hiyo nusu ndiyo inayokusomea ramani."

"Ndiyo maana tumepotea mara mbili."

Corinne hakuingia kwenye mzaha. Alikuwa amefungua dirisha, ametoa pua nje kama mbwa. Karibu na adhuhuri upepo ulibadilika, ukaingia na harufu ya chumvi na kitu kilichooza kidogo.

"Bahari!" akasema.

"Inanuka samaki aliyesahau kuoga," mjomba akasema. Lakini nilimwona kwenye kioo anavuta pumzi ya pili.

Shule ilikuwa kwenye rasi nyembamba, vibanda vya mbao kati ya misonobari, ghala jekundu, mbuzi wawili wenye majina ya watu. Mkuu wa shule alitupokea mwenyewe, mama wa miaka sitini hivi, nywele nyeupe, buti za mpira, mikono tayari imefunguliwa kukumbatia. Alimkumbatia Corinne, akanikumbatia mimi, akamgeukia mjomba, mjomba akakumbatia kofia yake.

"Karibuni sana! Mimi ni Prudence. Hapa wote tunaitana majina tu."

"Asante sana, Mwalimu Mkuu."

"Prudence tu, tafadhali."

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

Alipotupa mgongo mjomba akaninong'oneza, "Mimi nimebatizwa. Siwezi kumwita mwalimu kama ninamwita paka."

Watoto wengine walikuwa wanashushwa kwenye magari yasiyopiga kelele. Corinne alipangiwa kibanda kimoja na msichana wa Boston aitwaye Imogen, mchangamfu kupita kiasi, ambaye tayari alikuwa ameuliza kama jiko la kuni lina kitufe. Kibanda jirani kulikuwa na Winslow, mvulana mrefu wa New York, ana glavu za kazi mpya kabisa, bado zimeunganishwa kwa ule uzi wa dukani. Alikuwa anazivaa hivyohivyo, mikono miwili imekaribiana kama mtu aliyekamatwa.

"Kwenu mnashughulika na nini?" Imogen alimuuliza Corinne.

"Viazi."

"Oo, napenda! Bustani ya nyumbani?"

"Ekari mia tatu."

"Mungu wangu, kubwa hivyo!"

"Ndogo," mjomba akasema.

Meza ya wageni ilikuwa na donati za moto. Mjomba aliuma moja, akatafuna, akasimama kutafuna. Akamwangalia Corinne kwa jicho la mpelelezi.

"Hii ina viazi ndani."

"Kula siyo kuokota, Baba."

"Sijasema neno. Nasema tu, penye donati ya viazi kuna kiazi. Na penye kiazi..." Akafuta sukari mdomoni, akaanza kuangaza macho huku na huku.

Hakuhitaji kuangaza sana. Prudence alipanda juu ya sanduku, akagonga sufuria kwa mwiko, wote tukanyamaza.

"Wapendwa, kila muhula tunaanza kwa namna moja. Tunaiita Mlo wa Kwanza. Jioni ya leo hamtakula chakula alichowatafutia mtu mwingine. Mtashuka shambani, kila mmoja kwa mikono yake, achimbe na kuokota kikapu chake cha viazi, akilete jikoni. Familia zitakaa pembeni kushuhudia. Na mtafanya kazi kwa ukimya, ili muisikilize ardhi."

Watoto wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye miwani ya jua akajifuta chozi.

Mjomba Lucien alitembea hadi kwenye pikapu bila haraka. Akaisogeza hadi ukingoni mwa shamba, akaushusha mlango wa nyuma, akakaa juu yake miguu ikining'inia kama mtu aliyenunua tiketi ya mbele. Akatoa funguo za gari mfukoni. Akazichezesha. Kling, kling.

"Saa ngapi tuondoke, binti yangu?" aliita. "Nauliza tu, nijue kama tutafika kwa chakula cha usiku."

Nimewahi kumwona Corinne akicheka huku daktari anamng'oa jino. Saa ile hakucheka. Aligeuka akatazama nyuma ya shamba, kule chini. Maji yalikuwa yamekupwa, na tope lilikuwa limelala pale linang'aa, lote, mpaka kwenye visiwa. Lilikuwa limemkaribia kiasi kwamba angeweza kulitemea mate. Na kati yake na tope lile kulikuwa na matuta ya viazi.

"Utafanyaje?" nilimuuliza.

"Nyamaza. Naisikiliza ardhi."

"Inasemaje?"

"Inasema baba yangu ana roho nyepesi."

Sikumwelewa. Akachukua kikapu na uma wa bustani kama wenzake, akaenda kwenye tuta lake, kati ya Winslow na Imogen, akapiga magoti, akafanya ishara ya msalaba, akafumba macho. Akaanza kusali. Ukimwona Corinne anasali ujue kuna mtu anaibiwa.

Mjomba alingoja. Huwezi kumkatiza mtu rozari, hasa mbele ya watu wasio na dini yako, utaiaibisha parokia. Alipofika mahali pa amina, Corinne akaanza upya. Wakati huo nilikuwa nimeegemea uzio karibu nao, na nilisikia midomo ile ya mtakatifu ikisema, bila sauti kubwa:

"Winslow. Usianzie pembeni. Utachelewa. Weka uma katikati ya shina, juu kabisa, kisha uruke juu yake kwa miguu miwili."

"Kweli?" Winslow alinong'ona.

"Sisi tuna ekari mia tatu."

Winslow akaweka uma katikati, akaruka. Ulisikika mlio ule, krachi. Aliponyanyua, kila jino la uma lilikuwa na kiazi chake, kama mishikaki.

"Vimeshika!" akasema kwa furaha. "Havidondoki hata!"

"Umeona? Mwambie na mwenzako."

Winslow akamwambia wa upande wake, yule akamwambia mwenzie. Imogen hakungoja kuambiwa, aliona akaiga. Dakika chache, shamba zima lilikuwa la watoto wanaorukaruka juu ya uma, krachi, krachi, wakinyanyua mishikaki ya viazi na kuonyeshana kwa ukimya mtakatifu. Kila familia ilikuwa inapiga picha.

Nikamtazama mjomba. Funguo zilikuwa zimenyamaza.

Lazima umjue mkulima wa viazi wa Bondeni. Mpasulie kioo cha gari, atakuuliza kama umeumia. Mkanyagie mguu, atasogea. Lakini kiazi kilichodungwa! Kiazi kilichodungwa kinaoza ghalani, kikioza kinawaambukiza majirani, na mwezi wa pili unafungua mlango unakuta supu. Tangu utotoni tunalelewa kukichukua kiazi kama yai. Mjomba aliposikia krachi ya kwanza alifumba jicho moja. Ya pili, akashuka kwenye pikapu. Ya tano alikuwa ukingoni mwa tuta, ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili, anaiminya.

Na hapohapo, mambo yakataka kuharibika. Prudence alikuja taratibu kati ya matuta, akasimama mbele ya Corinne.

"Corinne, mpenzi. Naona kikapu chako bado kitupu."

"Nilikuwa nashukuru kwanza, Prudence."

"Ni vizuri mno. Lakini wenzako wanakaribia kumaliza. Njoo, tuokote cha kwanza pamoja." Na yule mama, kwa moyo mweupe kabisa, akamshika Corinne mkono, akaanza kuuelekeza kwenye udongo. Kulikuwa na kiazi pale kimechungulia, chekundu, kimejiweka tayari.

Kling, zikafanya funguo mfukoni mwa mjomba. Corinne alikuwa amekunja vidole kama mtu anayepelekwa kwenye maji ya moto, na macho yake hayakuwa kwenye kiazi wala kwa Prudence. Yalikuwa kwa Winslow.

"Winslow," akasema kwa sauti ya kawaida, ukimya ukavunjika kama sahani, "lile shina kubwa. Lile pale. Ruka kwa nguvu zote."

Winslow, mtoto mtiifu, akarudi nyuma hatua kadhaa, akakimbia, akaruka.

Sitaieleza sauti ile. Mama mwenye miwani alisema "aa!" Na mjomba Lucien Sirois akalipuka.

"WEWE BWANA MDOGO! UNACHIMBA AU UNAUA?"

"Nachimba, mzee," Winslow akasema, uma mkononi, viazi vinne vimekufa juu yake.

"Lete hapa! Lete hiyo! Nani kakufundisha huu ushenzi? Sogea. Sogea, nimesema! Unaingia pembeni, huku, chini yake, unamwinua taratibu kama mtoto mchanga aliyelala. Unaona? Hajaamka! Sasa weka chini hilo dude, tumia mikono. Hizo pingu za nini? Vua!"

Akaukata kwa meno uzi wa glavu za Winslow. Kisha akafanya jambo ambalo kwetu tulikuwa tunalisikia tu kwa wazee, kwa sababu mashine zilikuja na kulifuta. Alichukua kikapu kilichokuwa karibu, akakiweka katikati ya miguu yake, akainama juu ya tuta mguu huku na mguu huku, na mikono yake ikaanza kwenda. Mbwa akifukua mfupa huenda hivyo. Udongo uliruka nyuma, viazi viliingia mbele, kikapu kikasogea, naye akasogea, hainuki, haangalii, anaongea peke yake kwa furaha na hasira kwa pamoja. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu mjomba aliwashinda wanaume wazima kwa kazi ile. Ndiyo hadithi pekee anayoisimulia kila Krismasi, na hakuna aliyewahi kuiamini.

Watoto waliacha uma zao wakaja kuzunguka tuta. Mmoja akaanza kupiga makofi ya mdundo. Wakaitikia wote.

"Mzee! Mzee! Mzee!"

"Ukimya, wapendwa," Prudence alijaribu, kisha naye akaanza kupiga makofi.

Mjomba alisikia anavyoitwa, na sikio lake la miaka hamsini likawa jekundu, lakini mikono ndiyo iliongezeka mwendo. Alimaliza tuta lote. Kikapu kikafurika. Akakaa chini palepale kwenye udongo, anahema, anatabasamu, kiazi kimoja kimoja katika kila mkono, shati limetoka suruali.

"Hivyo," akasema. "Hivyo ndivyo inavyofanywa."

Makofi. Prudence akakiinua kikapu, akasoma jina lililofungwa kwenye mpini.

"Corinne Sirois," akasoma.

Niliona tabasamu la mjomba linabaki mdomoni peke yake, macho yakiwa yameshaondoka. Alitazama kikapu. Akatazama viazi mikononi mwake. Akatazama watoto wenye uma, akamtazama Winslow. Mwisho akamtazama binti yake, ambaye alikuwa bado amepiga magoti mahali palepale, vidole safi kama vya nesi.

"Corinne."

"Bee, Baba."

"Ni wewe uliyewafundisha kurukaruka."

"Mimi nilikuwa nasali, Baba. Kila mtu ameona."

"Alisema wana ekari mia tatu," Winslow akasema, kwa kutaka kusaidia.

Prudence alikuwa anatazama baba na binti kwa zamu, kama mtu anayefuata mpira. "Sheria yetu ni kwamba kila mwanafunzi alete alichookota mwenyewe," alisema polepole. "Je, kuna tatizo hapa?"

Hapo ndipo Corinne alipoacha ujanja. Alisimama, akajipangusa magoti, akamweleza Prudence yote mbele ya wote: kipaza sauti, maharage, maneno yake, maneno ya baba yake. Hakupamba. "Nikiokota, narudi naye leo," alisema. "Nisipookota, navunja sheria yenu. Sijalala hata usiku mmoja hapa. Na mimi natamani sana lile tope, Prudence. Lile pale chini. Basi."

Mjomba bado alikuwa amekaa kwenye udongo. Ghafla, bila onyo, akamrushia kiazi.

"Shika!"

Mkono wa mtu hujidakia wenyewe. Ila wa Corinne ulikwenda nyuma ya mgongo, na wa pili ukaufuata, na kiazi kikampiga katikati ya paji la uso, po! Kikadondoka miguuni kwake. Alisimama, machozi ya maumivu yanamtoka, anakitazama. Hakuinama.

Nani alianza kucheka sijui. Nadhani ni mjomba. Alicheka hadi akalala chali kati ya matuta, mikono imetandazwa, kofia imemfunika pua.

"Mwacheni," alisema kutoka chini ya kofia. "Mwacheni huyu. Mwalimu Mkuu, hiki kikapu nimekuokotea mimi, bure, kwa hiari, mbele ya mashahidi. Nikisema binti yangu asifanyie watu baki kazi ya viazi, watanicheka hadi Kanada. Mimi mwenyewe nimefanya!"

"Prudence tu," alisema Prudence.

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

Prudence akaamua, na sijasahau: Corinne atakula Mlo wa Kwanza kama wengine, lakini kwa kuwa hakuokota, kesho maji yakikupwa, kabla ya jua, atashuka peke yake kwenye tope kuchimba kome za jikoni, ndoo nzima, kwa mikono. Aliitaja kama adhabu. Corinne aliitikia kwa kuinamisha kichwa kwa masikitiko makubwa, na kisigino chake kilikuwa kinacheza.

Kuaga kulikuwa kwa haraka, kama kwetu. Mjomba alimwambia asikae na soksi mbichi. Akamkumbatia, jambo ambalo nimeliona mara mbili tu maishani, na mara ya kwanza ilikuwa ni kumtoa kwenye njia ya trekta. Tukapanda. Pikapu ilikuwa imeshaanza kuondoka nilipomwona Corinne kwenye kioo akitia mkono mfuko wa koti, pengine kutafuta leso, na uso wake ukabadilika. Akatoa kiazi chekundu.

"BABA!"

Mjomba akatoa kichwa dirishani. "Hicho hakikutoka ardhini! Kimetoka mfukoni!" Akapiga honi hadi kwenye kona.

Corinne alimaliza muhula wake. Tope lilimkolea, leo yuko chuo kikuu huko kusini anasoma minyoo ya baharini, na Bondeni tunamwita Daktari wa Matope. Akija likizo ananiuliza kama ile nusu yangu ya diploma imeshazaa. Na Septemba ile, nafasi yake juu ya mashine niliishika mimi, maana mjomba alisema mikono ni mikono hata ikiwa na elimu isiyokwisha. Nilitoa mawe wiki tatu. Moja lilikuwa na sura yangu. Corinne aliliacha tayari kabla ya kuondoka.

Lakini nimeruka kitu. Siku ile, tukitoka shuleni, penye lango la barabarani kulikuwa na meza ndogo chini ya mwavuli, haina mtu, ina kopo la kutilia hela. Juu yake mifuko ya karatasi ya viazi vilivyozidi jikoni imepangwa, na ubao: viazi vilivyookotwa kwa mikono ya wanafunzi. Mjomba alisimamisha gari. Akashuka, akasoma ubao, akachungulia mfuko. Vya juu vilikuwa na matundu ya uma.

"Hii bei ni ya gunia?" aliniuliza.

"Ya ratili, mjomba."

"Gunia."

"Ratili, mjomba. Imeandikwa."

Alirudi kwenye usukani, akaendesha bila neno mpaka misonobari ikaisha na mashamba yakaanza. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anafikiri, jambo ambalo kwake hufanana.

Wiki ya pili ya mavuno aliniita ghalani. Alikuwa ametoa meza ya jikoni ya mke wake, ameiweka kando ya barabara, na mwavuli wa ufukweni ambao hakuna aliyejua ameupata wapi, kwetu ambako hakuna ufukwe. Mifuko ya karatasi. Kopo. Kila jioni, mashine ikizimwa, aliingia shambani na kikapu kati ya miguu, na magari ya watu wa mijini waliokuja kutazama majani ya miti yanavyogeuka mekundu kabla ya baridi yakaanza kusimama kumpiga picha. Alitaka ubao, na kwa kuwa mwandiko wangu ulifika hadi nusu ya chuo, nikaandika mimi: viazi vilivyookotwa kwa mkono na mwenye shamba mwenyewe, havijadungwa.

Ratili moja, dola nne na senti hamsini.